Injini ya Boti Isipowaka: Funzo Juu ya Ukinzani wa Umeme

Gari lililoharibika hungoja fundi kando ya njia, lakini boti iliyozimika baharini haingoji. Katika safari ya kutoka Nyamisati, penye delta ya Rufiji, hadi Kilindoni katika kisiwa cha Mafia, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na boti isiyo na injini huweza kuchukuliwa pamoja na abiria wake hadi fungu la mchanga au mwamba. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutia nanga, ikiwa kina kinaruhusu. Baadaye ndipo hitilafu itafutwe, tena kwa utaratibu.

Njia ya umeme

Betri ya volti 12 ina seli 6 za risasi na asidi ya sulfuriki. Kila seli iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi, na jumla yake ni volti 12.6. Stata ya injini ya kadiri huweza kuhitaji mkondo wa ampea 150. Mkondo mkubwa namna hiyo haupitishwi katika ufunguo. Ufunguo hupitisha mkondo mdogo tu kwenye solenoidi, yaani koili iliyo sumaku-umeme, nayo huunganisha nyaya nene za betri na stata.

Dalili

Ufunguo ukizungushwa na pasisikike chochote, achunguzwe fyuzi, swichi ya ufunguo, na gia. Kwani boti nyingi zina swichi inayozuia stata isipokuwa gia iko huru. Ukisikika mlio mmoja wa “ta!” au mfululizo wa milio hiyo, aghalabu solenoidi inafanya kazi lakini stata haipati umeme wa kutosha. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, stata haina kosa: itazamwe petroli, plagi, na kamba ya usalama ya nahodha.

Kitendawili cha taa

Mara nyingi taa ya boti huwaka vizuri ilhali stata haizunguki. Mwenye boti huamua kwamba stata imekufa, akanunua nyingine, na tatizo likabaki pale pale. Jibu limo katika kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea katika kiungo ni sawa na mkondo mara ukinzani.

Na ichukuliwe kwamba kichwa hasi cha betri kimeota kutu yenye ukinzani wa omu 0.018. Taa ya wati 12 hutumia ampea 1 tu, hivyo hupoteza volti 0.018, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Stata ikivuta ampea 150, hupotea volti 2.7 mahali hapo hapo. Nguvu inayogeuka kuwa joto ni 2.7 × 150, yaani wati 405. Ndiyo sababu kiungo kibovu huwa cha moto mkononi, na taa hufifia stata inapojaribiwa.

Kupima

Voltimita itumike wakati msaidizi anazungusha ufunguo, kwa muda usiozidi sekunde 10 kila mara. Ichukuliwe kwamba matokeo ni haya:

Baina ya vichwa viwili vya betri: volti 11.0
Kichwa chanya hadi stata: volti 0.3
Kichwa hasi hadi mwili wa injini: volti 2.7
Kwenye stata yenyewe: volti 8.0

Hesabu inakamilika: 0.3 + 2.7 + 8.0 = 11.0. Betri ni nzima, na kosa liko upande hasi, kwa kuwa upande mmoja haufai kupoteza zaidi ya volti 0.5 hivi. Ncha ya voltimita lazima iguse kichwa chenyewe cha betri, si kibanio chake. La sivyo kutu iliyo baina yao haitapimwa. Kama vichwa vya betri vyenyewe vingeonyesha chini ya volti 9.5, ingepasa betri ichajiwe kwanza na kupimwa tena.

Tiba na tahadhari

Maji ya chumvi hupitisha umeme na kuharakisha kutu. Vibanio vifunguliwe, upande hasi ukitangulia, visuguliwe hadi metali ing’ae, vikazwe, kisha vipakwe grisi. Wakati wa kurudisha, upande hasi uwe wa mwisho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya boti. Nayo betri inayochajiwa hutoa hidrojeni. Cheche moja hutosha kuleta mlipuko. Basi kifuniko cha injini kifunguliwe na hewa ipite kabla ya kujaribu lolote.

Maswali

1. Upande chanya unapoteza volti 2.4 stata inapovuta ampea 120. Tafuta ukinzani, na wati zinazogeuka kuwa joto.
2. Kwa nini kiungo hicho hicho huonyesha volti sifuri ikiwa hakuna kifaa kinachotumia umeme?
3. Eleza kwa nini kuwaka kwa taa si ushahidi wa kutosha kwamba njia ya stata ni nzima.