Mafunzo Niliyopata kwenye Fuso la Mpunga, Kiberege

Msimu wa mavuno nasomba mpunga kutoka Kiberege kwenda Ifakara. Usiku natazama mbio za magari kwenye simu. Yote mawili yamenifundisha somo moja.

1. Tani si hoja, hoja ni zimekaa wapi.
Wapakiaji wa Kiberege huanza kupanga magunia kwenye kichwa cha gari, ndipo warudi nyuma. Ukirundika lumbesa kupita ekseli ya nyuma, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Unakata kona, gari linaendelea na safari yake. Ndiyo maana mizani hupima ekseli moja moja: ya usukani mwisho tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Jumla inaweza kuwa sawa, lakini faini ukalipa vilevile.

2. Vizito vikae chini.
Magunia yakipanda sana, gari linalala konani. Kwenye magari ya mbio, injini na mafuta huwekwa chini, karibu na katikati.

3. Upepo nao ni mzigo.
Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo inakuwa mara nne. Kwangu hilo ni usumbufu wa turubai tu. Gari la Formula 1 likifika kilomita 300 kwa saa, mabawa na sakafu yake hulikandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wake lenyewe. Swali ni lilelile la magunia: nguvu hiyo inatua mbele au nyuma?

4. Pua ikikosa mgandamizo, gari linapaa.
Mbio za Le Mans, Ufaransa, 1999. Gari la Mercedes CLR lilikuwa na pua na mkia vilivyochomoza mbali kupita tairi. Dereva Mark Webber akapaa nalo kabla ya mbio. Gari likaundwa upya, akapaa tena asubuhi ya mbio zenyewe. Na bado timu ikaanza mbio! Dereva mwenzake, Peter Dumbreck, naye akawa nyuma ya gari jingine, karibu mno. Upepo uliotibuliwa mbele yake ulikuwa umeshaipunguzia pua mgandamizo. Mwinuko mdogo wa barabara ukaiinua, hewa ikaingia chini ya sakafu. Gari likabiringika angani, likaangukia mitini. Alitoka hai. Mpakiaji yeyote wa Kiberege angelizuia gari hilo tangu mara ya kwanza.

5. Wadudu hawadanganyi.
Porsche 917 ya 1969 iliyumba mkia mpaka madereva wakaiogopa. Kwenye majaribio Austria, mhandisi John Horsman aliona wadudu wamepondeka mbele na kwenye kioo, ila kwenye bawa la mkiani hakuna kitu: upepo haukufika. Wakaunga vipande vya bati, wakainua mkia, gari likatulia. Mwaka 1970 Porsche 917 ikashinda Le Mans.

Wadudu wa bonde la Kilombero nao hujaa kwenye kioo changu kila jioni, lakini mlango wa nyuma wa bodi hauna hata mbu. Una vumbi tupu, linalogandishwa na upepo unaojizungusha nyuma ya gari. Utingo akichukua ndoo kuosha, namwambia asubiri kidogo nitazame.