Jani la Kiazi Chini ya Hadubini

Katika nchi ya juu ya Ainabkoi, mkulima wa viazi vya Kizungu akiona majani yamefanya madoa meusi husema, "Baridi imeyaunguza." Huenda ikawa kweli, maana huko pengine jalidi huanguka usiku. Lakini huenda pia ukawa ni ugonjwa wa bakajani, ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuingia Kenya mwaka 1941. Jalidi hupita; bakajani huweza kumaliza shamba zima kwa siku chache. Kuyapambanua mambo haya hapana budi kulichungulia jani lenyewe kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho matupu, kama kile cha mwalimu wa sayansi wa sekondari.

Kwanza tulijue jani lenye afya. Lirarue kwa mshazari hata ngozi nyembamba ya upande wa chini ibanduke. Itie katika tone la maji juu ya kipande cha kioo, uifunike kwa kioo chembamba polepole, mapovu yasiingie. Anza kwa lenzi yenye nguvu ndogo. Ukiishusha, tazama kutoka ubavuni. Kisha weka jicho mahali pake, uiinue kidogo kidogo mpaka picha iwe safi. Afanyaye kinyume huvunja kioo, na pengine lenzi, ambayo ni ya thamani.

Utaona milango midogo sana, kila mmoja umezungukwa na seli mbili kama maharagwe yanayotazamana. Seli hizo zikijaa maji, mlango hufunguka, zikinywea, hujifunga. Mlangoni humo huingia hewa ya ukaa, ambayo jani huitumia pamoja na maji na mwanga wa jua kutengeneza sukari, na humo hutoka mvuke.

Sasa twaa jani lenye doa, asubuhi, umande ungalipo. Likiwa na bakajani, mara nyingi utaona upande wa chini, kandokando ya doa, manyoya meupe. Bandua ngozi hapo uitazame: vijiti vyenye matawi vimechomoza katika milango ile ile, na nchani vimebeba vifuko vyenye umbo la ndimu. Kifuko kikipata maji baridi hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, vinavyoogelea katika umande kutafuta pa kupenya. Ndiyo sababu ukungu wa Ainabkoi hukifaa sana kiumbe hiki, ambacho wataalamu husema si kuvu halisi bali ni jamaa ya mwani. Jani lililounguzwa na jalidi tu halina vijiti hivyo.

Usipoyaona manyoya, lifungie jani katika mkebe pamoja na kitambaa kibichi, mahali pa baridi, ulitazame tena kesho yake. Lakini usikawie zaidi, kwa kuwa dawa nyingi, kama zile za shaba, hulinda majani mazima tu. Hazifufui yaliyokwisha kuoza. Majani uliyoyachunguza yafukie, wala usiyarudishe shambani.