Mkanda wa Pikipiki Ukilia: Hesabu Kabla ya Kushika Spana



Tangu nianze mafunzo ya vitendo katika gereji moja hapa Kampala, kila baada ya swala ya Ijumaa lazima niulizwe habari za pikipiki. Swali la safari hii limetoka kwa ndugu mwenye pikipiki ya mkanda: "Inalia kama kifaranga nikienda polepole. Ninunue mkanda mpya?" Nimeona nimjibu hapa ili na wengine wafaidike, kwa sababu jibu linagusa mfuko wa mtu na pia uhai wake.

Boda boda nyingi za huku kwetu huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Za mkanda ni chache. Pikipiki nyingi za Harley-Davidson ziko hivyo, na BMW F 800 ST vilevile. Mkanda huo una meno upande wa ndani, na katikati yake zimepita nyuzi ngumu sana ambazo hazivutiki kirahisi. Meno hukaa juu ya puli mbili: ndogo iko mbele, inatoka kwenye gia; kubwa iko nyuma, imefungwa kwenye gurudumu. Mkanda hautaki oili wala grisi. Mafuta hukusanya vumbi, na mengine huharibu mpira. Nalitanguliza hili kwa sababu aliyezoea mnyororo, akisikia kelele tu, mkono wake hukimbilia kopo la oili.

Somo lenyewe ni hili: sauti ina mpigo, na mpigo huo unaweza kuhesabiwa.

Zima injini, weka gia huru, kisha inua gurudumu la nyuma kwa stendi imara. Chora alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye mgongo wa mkanda. Zungusha gurudumu kwa kushika tairi, usishike mkanda. Kidole kikiingia kati ya mkanda na puli kitaumia hata kama injini imezimwa. Zungusha polepole, sikiliza na uhesabu.

Tuchukue mfano. Puli ya mbele ina meno 28, ya nyuma ina meno 70, na mkanda una meno 140. Gurudumu likizunguka mara 1, meno 70 ya mkanda yamepita, yaani mkanda umekwenda nusu ya safari yake. Puli ya mbele nayo imezunguka 70 ÷ 28, yaani mara 2.5. Kutokana na hesabu hiyo tunapata yafuatayo:

1. Sauti ikisikika mara 1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, chunguza gurudumu lenyewe: beringi, breki na puli ya nyuma.

2. Ikisikika mara 1 kwa kila mizunguko 2 ya gurudumu, kagua mkanda. Huenda kuna kijiwe kilichonasa, jino lililovunjika au tundu.

3. Ikisikika mara 5 kwa kila mizunguko 2, tazama puli ya mbele.

4. Ikilia mfululizo bila mpigo, shuku vumbi, mkanda uliokazwa mno, au ukingo wa mkanda unaosugua ukuta wa puli kwa sababu gurudumu limekaa upande.

Baada ya kuhesabu, thibitisha kwa majaribio matatu. La kwanza ni maji matupu. Nyunyizia kidogo kwenye mkanda huku mwenzako akizungusha tairi. Kelele ikikatika kwa muda, chanzo ni pale mkanda unapogusana na puli. Isipobadilika, uchunguzi uhamie kwingine. La pili, bonyeza breki ya nyuma kidogo tu. Sauti ikigeuka, angalia pedi na diski. La tatu ndilo linalokata shauri: legeza ekseli, toa mkanda kwenye puli ya nyuma, uzungushe gurudumu peke yake. Likiendelea kulia bila mkanda, mkanda hauna kosa. Hapohapo shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi imekwisha, na pikipiki hiyo isirudi barabarani kabla ya kutengenezwa.

Matibabu hufuata chanzo. Vumbi jekundu la barabara zetu huondoka kwa maji, sabuni laini na brashi ya nywele laini. Gurudumu lililokaa upande hurekebishwa kwa skrubu za kurekebishia: pima toka katikati ya pini ya uma wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, mpaka vipimo vilingane. Ukazaji wa mkanda hupimwa injini ikiwa baridi. Katika Harley-Davidson, kwa mfano, husukumwa sehemu ya chini ya mkanda, katikati ya puli mbili, kwa nguvu ya kilo 4.5 hivi, kisha hupimwa umeinama milimita ngapi. Kiasi kinachotakiwa hutofautiana kwa kila modeli, basi fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, na uchukue kipimo cha pale unapokaza zaidi. Mwisho kaza nati ya ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kisha pima tena, maana kukaza nati kunaweza kusogeza gurudumu.

Kwa nini nahimiza hesabu? Mwezi uliopita gerejini kwetu aliletwa pikipiki mzee mmoja ambaye tayari alikuwa anatafuta mkanda mpya wa kuagiza nje, kwa bei inayokaribia karo ya muhula. Tulihesabu: sauti mara 1 kwa kila mzunguko. Maji hayakubadilisha kitu, breki haikubadilisha kitu. Tulipotoa mkanda, gurudumu liliendelea kukwaruza, na lilicheza mkononi. Beringi ya upande wa puli ilikuwa imekwisha kabisa. Na mkanda tulioutoa ulikuwa umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Mzee akaeleza kwamba miezi kadhaa nyuma ulilia wakati wa kiangazi, akakaziwa mahali fulani, ukanyamaza. Vumbi lililohitaji sabuni lilipewa spana, na mzigo wote wa kukaza ukaiangukia beringi. Tulibadilisha beringi mbili na sili zake, tukasafisha mkanda uleule na kuukaza kwa kipimo. Wiki hiyo alikuwa na safari ya Masaka. Angefunga mkanda mpya, angeondoka na beringi ileile mbovu.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza, usinunue chochote bado. Chukua chaki, na badilisha jambo moja tu kila mara, ujue ni lipi lililoponya.

Zoezi: puli ya mbele ina meno 30, ya nyuma 66, mkanda 132. Sauti inasikika mara 11 katika mizunguko 5 ya gurudumu. Utaanzia wapi, na kwa nini? Fanyeni hesabu, tutasahihisha pamoja Ijumaa ijayo inshaallah.