Antipasto, primo, secondo: Kiswahili kwenye meza ya Kiitalia mjini Lubumbashi

Katika mkahawa wa Kiitalia wa hadhi ya juu, hapa Lubumbashi, lugha tatu hukutana kwenye meza moja. Majina ya vyakula ni ya Kiitalia, maelezo yake ni ya Kifaransa, na kinachosikika mlangoni mwa jikoni ni Kiswahili chetu. Je, Kiswahili kinakosekana kwenye menyu kwa sababu hakiwezi kazi hiyo, au kwa sababu hakikualikwa? Nitaangalia kwanza sauti, kisha sarufi, mwishoni matumizi.

1. Sauti

Kiitalia si ndugu wa Kiswahili, lakini maneno yake mengi huishia kwa irabu, na mara nyingi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Neno la Kifaransa boutique huishia kwa konsonanti, kwa hiyo tunaliongezea irabu: butiki. Risotto halihitaji msaada huo: ri-so-to. Gnocchi linatisha machoni tu. Gn ya Kiitalia ni ny yetu, basi ni nyoki. Katika prosciutto, sci ni sh: proshuto. Ugumu wa kweli uko kwenye gli ya tagliatelle na zz ya pizza, sauti ambazo hatuna. Msemaji huzisogeza kwenye sauti za jirani, kama anavyofanya msemaji wa lugha yoyote anayekopa.

2. Sarufi

Spaghetti, ravioli na gnocchi ni wingi katika Kiitalia. Alama yake ni -i ya mwisho. Kwetu -i hiyo haisemi kitu, kwa sababu alama ya wingi tunaitafuta mwanzoni mwa neno. Ndiyo maana tunasema “spaghetti imepoa”, kwa upatanisho wa ngeli ya 9, na tukitaka kuhesabu, tunahesabu sahani.

Katika usemi wa mitaani, mfumo unafanya kazi zaidi. Nimesikia mapizza mbili, na kwa anayetaka ndogo, kapizza kamoya. Kiambishi ka- cha udogo hakimo katika sarufi ya Kiswahili sanifu, lakini kimo katika Kiluba na Kibemba, lugha zinazoishi pamoja na Kiswahili cha Katanga. Anayesema kapizza haharibu lugha: analipa neno geni ngeli na upatanisho, yaani analipa uraia.

Tiramisù ni mfano mzuri kwa wanaoanza mofolojia. Jina hili ni sentensi: tira “vuta”, mi “mimi”, su “juu”. Kiitalia kinaweka kiwakilishi cha mtendwa nyuma ya kitenzi cha kuamuru; sisi tunakiweka mbele ya mzizi: ni-vut-e juu. Maana ni moja, mpangilio ni mbili.

Na antipasto? Anti hapa haimaanishi kupinga, bali kabla. Pasto ni mlo. “Chakula cha kutangulia” kinatosha. Primo ni sahani ya kwanza, kwa kawaida tambi au wali. Secondo ni ya pili, nyama au samaki. Hakuna kati ya haya kinachokishinda Kiswahili.

3. Matumizi

Kama uwezo upo, kizuizi kiko wapi? Jioni moja tulikuwa mezani na mama mkubwa, kusherehekea lisansi ya kaka yangu. Mama akamwuliza mhudumu: “Baba, hii ravioli iko na nini ndani?” Jibu likaja kwa Kifaransa, kwa adabu zote, na neno maman mwishoni. Mama akanyamaza, akafunga menyu. Nikamwambia: “Ni kama sambusa ndogo za kuchemsha, ndani muko fromaji na mboga, kama lengalenga.” Mhudumu akacheka, akainama karibu: “Ni vile, mama. Shiye banatuambiaka tuseme Français.” Kisha akaeleza sahani zote kwa Kiswahili, vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na mama akaagiza.

Mhudumu huyo alikuwa na msamiati wote. Alichokosa ni ruhusa. Charles Ferguson, mwaka 1959, aliita diglosia hali ambamo aina mbili za lugha moja zinagawana kazi, moja ya juu na moja ya chini. Wanaisimu waliofuata walipanua neno hilo hadi lugha tofauti, na meza yetu ni mfano wake: Kifaransa cha kuhudumia, Kiswahili cha kufanyia kazi. Lakini mgawanyo huo una gharama. Mama anayelipa kwa fedha yake anaona haya kuuliza anachokula.

Historia pia inatuuliza. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia inayosimuliwa upande wa watumishi wa nyumbani. Waliopika na kupanga meza za wakoloni waliona lugha yao inatosha kusimulia mji mzima. Nayo Katiba ya 2006, katika kifungu cha 1, inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa na kuipa Dola wajibu wa kuzikuza bila ubaguzi. Menyu haiko nje ya nchi.

Kazi ya mwanafunzi

a) Chukua menyu yoyote ya mjini. Andika maneno 10 ya kigeni, kisha sikiliza watu wanayapa ngeli gani.
b) Eleza sahani 3 kwa Kiswahili ambacho mama yako angeelewa, bila kutumia Kifaransa.
c) Mwulize mhudumu, kwa heshima na bila kumwingiza matatani, ni lugha gani anaruhusiwa kutumia na nani aliamua. Jibu hilo ndilo data ambayo idara yetu bado inahitaji.