Giaboksi ya otomatiki: usipime kwa nguvu za farasi peke yake

SOMO LA WIKI

Wafanyabiashara wa Mpanda wanaotafuta magari makubwa, ama ya kufuatilia mpunga Majimoto na Usevya, ama ya kukodisha kwa wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huuliza kwanza bei na kisha ukubwa wa injini. Giaboksi huulizwa mwisho, pengine baada ya fedha kulipwa. Utaratibu huo ni wa hatari, kwani giaboksi ya otomatiki ikifa inaweza kumeza faida ya msimu mzima.

Msokoto kwanza

Kinachoielemea giaboksi ni nguvu ya msokoto, yaani nguvu ambayo injini inazungushia shafti. Mfano ni Toyota Land Cruiser 200 iliyotoka mwaka 2007, ambayo wengi huiita V8. Injini ya petroli ya lita 4.7 ilikuwa na nguvu za farasi sawa na za dizeli ya lita 4.5, au hata kuizidi. Lakini msokoto wa petroli ulikuwa kati ya nyutonimita 410 na 450 hivi, wakati wa dizeli ulizidi 600. Petroli ilifungwa giaboksi ya gia 5. Dizeli ikapewa nyingine ya gia 6, yenye uwezo wa kuhimili msokoto huo.

Hivyo basi, mnunuzi ajihadhari na gari lililobadilishwa giaboksi au kuongezwa presha ya turbo. Kwenye Toyota, kibao cha bati chenye neno TRANS/AXLE huonyesha namba ya giaboksi ya kiwandani. Namba hiyo ilinganishwe na giaboksi iliyofungwa.

Adui ni joto

Otomatiki haina klachi ya mguu. Nguvu ya injini hupita kwenye mafuta ndani ya tokikonveta. Gari likitambaa kwenye tope, injini inanguruma huku magurudumu yakizunguka polepole, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto. Mafuta yakizidi nyuzi 120 kwa muda mrefu huungua, na sahani za ndani huanza kuteleza.

Katika mvua za Novemba hadi Aprili, kwenye udongo mweusi wa mabondeni, dereva atumie gia nzito ya magurudumu manne mapema, kabla gari halijakwama. Rejeta ya kupoza mafuta ya giaboksi isafishwe tope.

Kabla ya kulipa

Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi. Likitiwa D au R na kukawia zaidi ya sekunde mbili kushika, hiyo ni dalili mbaya. Mafuta mekundu ni ya kawaida. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua yanaashiria ugonjwa. Gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo, mpaka lipate joto.

Izingatiwe pia kwamba otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Wala isivutwe kwa kamba mwendo mrefu injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa pampu ya mafuta ya giaboksi husimama pamoja na injini. Likiharibika kati ya Mpanda na Karema, ni heri kulipia lori la kulibeba.

Nani anunue?

Kwa kukodisha na safari ndefu za lami, otomatiki inafaa: dereva hachoki, na gari halinyanyaswi kwa klachi. Kwa kubeba magunia mashambani, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 na gia za mkono bado ni salama zaidi kwa mtaji mdogo, maana klachi yake hubadilishwa na fundi wa kawaida.

Anayeshikilia kununua otomatiki yenye nguvu atenge, tangu siku ya kwanza, fedha za kubadilisha mafuta ya giaboksi kwa aina ile ile iliyoagizwa na kiwanda. Asiyeweza kutenga fedha hizo, gari hilo bado si saizi yake.