Kufundisha Somo la Kupasha Kiporo kwa Maikrowevu

Tanuri la maikrowevu limekwisha kuingia katika baadhi ya nyumba na migahawa ya Dodoma. Kwa hiyo mwalimu wa Sayansi Kimu anayefundisha Kizota hana budi kulieleza. Tatizo tunalolikuta darasani ni imani kwamba chakula kinachotoa mvuke kimepata moto kote. Ili kuiondoa imani hiyo, tunapendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, kuonyesha. Mwalimu aondoe sahani inayozunguka, apange vipande vya mkate vilivyopakwa siagi juu ya sahani bapa isiyo ya chuma, kisha awashe tanuri kwa muda mfupi tu. Siagi itayeyuka mahali fulani na kubaki ngumu penginepo. Wanafunzi wachore madoa hayo kabla ya kuelezwa sababu. Pasipokuwa na tanuri, kiazi kikubwa kilichochemshwa dakika chache na kukatwa katikati kitatosha: kando kimeiva, kiini ni kibichi.

Pili, kueleza. Mawimbi ya tanuri yana urefu wa sentimeta 12 hivi. Yakikutana na yale yanayorudishwa na kuta, huongezeka nguvu mahali pengine na kudhoofika pengine. Tena hupenya chakula kwa sentimeta chache tu. Kiini hungoja joto linalosafiri polepole kutoka kando.

Tatu, kutenda. Kanuni zitokane na yaliyoonekana. Kiporo cha wali kitandazwe, kisirundikwe. Kifunikwe na kuachiwa upenyo wa mvuke. Kikorogwe katikati ya muda. Kisha kitulie dakika mbili au tatu ili joto lienee. Kipimajoto kikichomekwa katikati kionyeshe nyuzi 74 za sentigredi au zaidi. Vyombo vya chuma visitumike, wala yai zima lisiwekwe, kwani hupasuka.

Hata hivyo, wanafunzi wasidhani kwamba moto husafisha kila kitu. Wali uliolala nje ya jokofu huweza kuwa na sumu ya bakteria isiyoharibiwa kwa kupashwa. Sumukuvu ya mahindi nayo haiishi kwa kusonga ugali: mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Darasa la Kizota, lililo jirani na maghala ya nafaka ya taifa, litaelewa upesi kwamba usalama wa chakula huanzia ghalani.

Zoezi: Kwa nini ugali baridi ukatwe vipande kabla ya kupashwa? Ni sumu zipi ambazo jiko haliwezi kuziondoa?