Pua ya Bawabu na Kiti cha Jaji

Juni 2011 Bi. Nancy Baraza aliapishwa kuwa Naibu wa Jaji Mkuu, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Mwaka haujaisha, tarehe 31 Desemba, akaingia Village Market kule Nairobi bila kukaguliwa. Mlinzi, naye mwanamke, akamwita. Ikadaiwa alimbana pua na kumtishia kwa bastola.

Hapa ndipo penye somo. Jaji hafutwi ovyo ati kwa kuwa Rais amekasirika. Kifungu cha 168 chataka Tume ya Huduma za Mahakama isikize malalamiko kwanza, ndipo Rais aunde jopo. Jopo hili liliongozwa na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Agosti 2012 likaamua hafai kuendelea. Alikata rufani, akaiondoa, akajiuzulu Oktoba.

Darasani wengine walisema, "Si pua tu!" Mimi sikucheka. Khalati yangu ni bawabu huku Likoni, hukagua mikoba kutwa. Siku moja mwenye gari alimrushia funguo usoni. Khalati akaziokota, akampa. Jioni mkubwa wake akamwambia aombe radhi, naye akaomba.